Kwa Nini Puto Alitema Dawa

Kila asubuhi kabla ya shule, mama wa kambo alisimamisha cherehani yake, akampa binti vidonge na glasi ya maji. Binti alikuwa akiugua ini tangu mwaka uliopita. Alikunywa maji, akavibana vidonge chini ya ulimi, kisha akaenda kuvitema chooni. Dawa ile ilikuwa imemvimbisha mashavu, na darasani walimpachika jina la Puto. Jina hilo lilimchoma kuliko ugonjwa wenyewe.

Haya basi, hazikupita wiki nyingi, macho yakageuka manjano. Puto akawa hali chakula, anatapika, anajikuna mwili mzima. Akalazwa hospitali. Shangazi yake akaja mbio wodini, wala si kumjulia hali mgonjwa.

"Wewe mwanamke, umempa nini mtoto wa kaka yangu?" alimfokea mama wa kambo. "Umemlisha sumu!"

"Wifi, chunga mdomo wako."

"Sichungi! Kaka, leo hii huyu arudi kwao, au mimi na wewe basi."

Baba, aliyekuwa amesimama kando ya kitanda, hata hakuuliza. "Nenda ukafungashe vitu vyako," alimwambia mkewe. "Nikirudi nisikukute."

Loo! Mtu kamuuguza mtoto asiye wake mwaka mzima, shukrani yake ndiyo hiyo. Mama wa kambo alichukua mkoba wake, akaelekea mlangoni. Puto alijua kwamba akinyamaza, hatamwona tena nyumbani.

"Hajanipa sumu!" alilia. "Nilikuwa natema vidonge chooni. Nimechoka kuitwa Puto!"

Daktari, aliyekuwa ameingia na majibu ya vipimo, akasogea kitandani.

"Damu kutoka kwenye matumbo hupita kwanza kwenye ini," alisema bila kutabasamu. "Huja na chembechembe za chakula na vijidudu. Kinga ya mwili iliyomo ndani ya ini huvikamata vijidudu vya hatari, lakini huvivumilia vitu visivyo na madhara. Ikipigana na kila kinachopita, ini litaumia. Kwako uvumilivu huo umeharibika, kinga inalishambulia ini lako mwenyewe. Vidonge ndivyo vinavyoituliza. Mashavu yakikukera, niambie, tutapunguza dawa polepole. Usijiamulie."

Kisha akawageukia wakubwa. "Na ninyi? Ini hupitiwa na mengi kutwa kucha, na bado huchagua la kupigana nalo. Ninyi hata majibu hamkusubiri, mkamrukia aliyekuwa karibu. Uliza kwanza, ndipo ukasirike."

Shangazi akajifanya anatafuta kitu mkobani. Baba akainamisha kichwa. "Nimekosa, mke wangu."

"Umekosa sana." Mama wa kambo akamimina maji, akampa Puto vidonge alivyoletewa na muuguzi. "Meza. Fungua mdomo, nione."

Puto akameza. "Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe. Leo nina hasira," alijibu, akavuta kiti, akakaa kando ya kitanda.