Seva Tatu Kivukoni

"Peleka ng'ombe watatu Buswelu kabla ya saa nne. Usiwaache peke yao."

Kokulinda Rwehumbiza aliitii amri hiyo neno kwa neno. Ndiyo maana sasa alikuwa amefungiwa gizani, ndani ya boksi la Fuso, na ng'ombe wenyewe wamembana magoti.

Kwa lugha yao ya siri, ng'ombe hao ni seva, zinahamishwa kutoka ofisi ya Nyamagana kwenda kituo kipya cha data cha Buswelu. Ndani yake kulikuwa na majina arobaini na moja ya raia wanaowachongea serikalini wasafirishaji wa dhahabu ya magendo. Orodha ilitawanywa katika mashine zote tatu. Ukizipata mbili, unaisoma yote.

Na ukiisoma, unajua wa kuwaua.

Dereva alikuwa Jovinary, mwenzake wa miaka sita kazini. Ndiye aliyesukuma komeo kwa nje na kulitia kufuli. Kikulacho ki nguoni mwako.

Simu haikushika mtandao. Bastola yake, Glock 19, ilikuwa chini ya kiti cha mbele. Mjinga mimi, alijilaani.

Fuso likayumba, likapanda juu ya chuma. Honi nzito ikalia.

Kivuko! Walikuwa wanavuka ziwa.

Akapiga ukuta. "Jovinary!"

"Tulia, Koku. Ng'ambo wanunuzi watachukua mashine, wewe watakuachia."

"Na unawaamini?"

"Funga mdomo wako, mama," ikadakia sauti nyingine, ya mtu waliyempakia njiani. Jovinary alimwita Chenge.

"Nimechoka, Koku," Jovinary akasema taratibu. "Nataka Sabina aache kuuza dagaa Igogo."

Kokulinda akafumba macho.

Jina la kumi na saba kwenye orodha lilikuwa la Sabina. Mke wa Jovinary.

Mara kipaza sauti kikakoroma. "Abiria wote mshuke kwenye magari! Abaki dereva tu!"

Utaratibu wa kila siku kivukoni, na Chenge hakuukumbuka. Akashuka akisonya.

Wakabaki wawili, na bati katikati yao. Neno moja tu, na Jovinary angefungua mlango. Lilimfika Kokulinda ulimini, akalimeza. Aliyeuza siri leo asubuhi ataiuza tena mchana.

Akapapasa gizani. Pembeni ya seva kulikuwa na UPS tatu, yale maboksi ya betri yanayopiga kelele umeme ukikatika. Akaziwasha zote, bila kuzichomeka popote.

Tiii! Tiii! Tiii!

Nje, watu wakaanza kukimbia.

"We dereva! Umebeba nini?" Ilikuwa sauti ya Dorcas, msimamizi wa magari kivukoni.

"Mzigo wa serikali, mama. Haufunguliwi."

"Serikali gani inalia hivyo? Nina roho mia mbili humu. Leteni mtaimbo!"

Komeo likang'oka. Mwanga ukamchoma Kokulinda machoni, lakini alikwisha kuruka. Chenge alikuwa akichomoa bastola. Kiwiko cha Kokulinda kikamkuta kooni. Bastola ikateleza, ikatumbukia ziwani.

Akamfunga kwa vibanio vya plastiki vya kufungia nyaya za seva. Kisha akamfunga Jovinary, ambaye alinyoosha mikono mwenyewe.

"Mwambie nahodha ageuze chombo, mama," alimwambia Dorcas, akimwonyesha kitambulisho. "Tunarudi Mwanza."

Gatini polisi aliowapigia simu walikuwa wakisubiri. Jovinary akasita mbele ya Land Cruiser yao.

"Koku, yale majina ni ya akina nani hasa?"

Kokulinda alimfungulia mlango wa gari. "Ya watu wanaokuamini."

Jovinary akainamisha kichwa. "Basi mwambie Sabina nilifanya kwa ajili yake."

"Hapana," Kokulinda alisema. "Hilo hatalisikia kwangu."

Akachukua Glock yake chini ya kiti, akavaa miwani ya jua, akawasha Fuso. Ilikuwa saa tatu na nusu.