Toroli Lililoshushwa Nyamwaga

Wewe ulimwona. Mara ngapi umesimama stendi ya Nyamongo, ukapokea uji wako, halafu ukajifanya unaangalia simu ili usilione bega la Boke, muuza uji, lililobabuliwa na uji wa moto unaomwagika toka kwenye ndoo anayoibeba kichwani? Uliliona, ukageuza shingo.

Wilbard hakugeuza. Alikuwa fundi wa kuchomelea, mtu wa Bukoba, ovaroli lake limejaa matundu ya cheche. Alimaliza uji, akatoa futi, akaomba apime toka ardhini mpaka kwenye kiwiko cha Boke.

"Fundi, wewe unapima chuma au watu?" Boke akamtania, akikaza kitenge chake cha njano kiunoni.

"Napima usije ukainama tena, mrembo."

Mwezi mzima walipigiana simu. Wilbard alikuwa akimchomelea toroli la kusukumia uji, akauliza jiko likae wapi, ndoo ishikwe na nini isimwagike, magurudumu yawe ya pikipiki au ya baiskeli. Tangu aanze kuuza uji, Boke hakuwahi kuulizwa na mtu anataka nini. Akajikuta anaingojea simu hiyo kuliko wateja.

Kisha Wilbard akakosea. Ili amfurahishe, alilipakia toroli kwenye gari, akalishusha Nyamwaga, uani kwa baba yake Boke, majirani wakitazama. Baba huyo, Mzee Nashoni, akalizunguka. Kwa Wakurya, mwanamume haleti kitu kikubwa namna ile kwenye mji wa binti kabla wazee hawajazungumza habari ya ng'ombe wa mahari. Akaamuru lirudi lilikotoka. Majirani wakacheka kwamba Boke ameposwa kwa magurudumu matatu.

Siku tisa Boke hakupokea simu. Alibeba ndoo. Siku ya kumi, shingo imekakamaa, akapiga yeye.

"Ulinidhalilisha, Wilbard."

"Sikujua. Nilidhani nikilipeleka kwa mzee ndiyo nimekuheshimu. Nisamehe, mama."

Boke akaitua ndoo chini. Hasira ikamwishia kidogo kidogo.

"Toroli ni la kazi, lilete stendi. Nyumbani uje na wazee wako, mseme mnachotaka."

"Na ng'ombe?"

"Hao mtabishana na baba. Mimi nimeshakubali."

Kesho yake Boke alisukuma toroli amenyooka, Wilbard ubavuni mwake, mkono wake juu ya mkono wa Boke. Wakapishana na wanawake sita wenye mabeseni ya mihogo kichwani, shingo zimezama mabegani. Ulikuwepo. Sasa inuka, muulize mmoja wao anachohitaji, mfuatane kwa fundi leo hii.