Bidoni Kumi za Maji

Kila Jumamosi asubuhi, majirani wa Papa Damascène mtaani Katindo hawahitaji saa. Nyundo yake ikianza kulia, ni saa moja. Papa Damascène ni fundi wa bodi za magari, na mwezi huo alikuwa na kazi moja tu uani: Peugeot 404 ya baba yake, Muzee Habumugisha. Kutu ilikuwa imeila milango, hata kuku walichungulia ndani. Jumamosi iliyofuata gari hilo lilitakiwa kumbeba shangazi Tuyisenge kwenye harusi yake, tena si kwa sura ile ya zamani. Papa alitaka kuitengeneza milango upya, aifulie kwa nyundo mstari ulionyanyuka kutoka mbele hadi nyuma, kisha alipake gari rangi ya maziwa na kijani.

Bati la kuezekea ni jepesi mno kwa kazi hiyo. Mafundi hutumia chuma cha pipa, na Papa alikuwa amenunua pipa tupu kwa wauza esansi, yaani petroli, wa mtaa wa Birere. Ijumaa mchana, siku nane kabla ya harusi, alimwita binti yake Munezero, mwenye umri wa miaka kumi na miwili.

"Lioshe kwa sabuni, kisha ulijaze maji mpaka mdomoni. Lilale limejaa, kesho asubuhi uyamwage. Bidoni kumi, usipunguze hata moja. Umesikia?"

"Nimesikia, Papa."

Kusikia alisikia. Lakini bidoni kumi, madumu ya lita ishirini, kutoka ziwani, njia yote ile ya mawe ya volkano! Alileta mbili, shingo ikamuuma. Rafiki yake Pascasie akapita akimwita wakasukane nywele, na Munezero akaamua kwamba pipa tupu ni pipa tupu. Uchafu gani huo wa bidoni kumi? Akasukasuka maji kidogo ndani, akafunga kizibo. Alfajiri, kabla Papa hajatoka, akamwaga maji yaliyobaki kwenye bidoni kulizunguka pipa, mawe yakalowa kana kwamba pipa zima limemwagwa pale. Ujanja huo angeutia kwenye hesabu, angekuwa wa kwanza darasani!

"Ulilijaza?" Papa aliuliza.

"Ndiyo, Papa. Nimeshamwaga."

Papa akatazama mawe yaliyolowa, akaridhika. Uani kulinuka rangi na dawa ya kuiyeyushia tangu juzi, na pua yake haikugundua harufu nyingine. Akalilaza pipa, akalichora mstari wa kukatia. Muzee Habumugisha, aliyekaa kwenye kiti kilichong'olewa garini, akamwita.

"Damascène, hilo pipa la esansi limelala na maji?"

"Limelala na maji, Muzee. Mutoto mwenyewe amelijaza."

"Afadhali. Fundi mmoja kule Rutshuru hakujaza. Esansi ilikuwa imekwisha, ndiyo, lakini mvuke wake ulibaki ndani. Cheche moja tu, pipa likalipuka. Kesho yake tulimzika."

Kitambaa cha kupangusia kilimponyoka Munezero mkononi. Papa alikuwa anavaa miwani ya kazi. Sema, moyo ulimwambia. Sema sasa hivi! Lakini Babu yupo anasikia, na Papa akikasirika, ole wake mtu.

"Papa... tungoje kidogo."

"Tungoje nini? Harusi inatungoja sisi?" Papa akacheka, akawasha mashine ya kukatia chuma.

Mashine ikanguruma. "Papa! Acha, Papa!" Munezero alipaza sauti, lakini Papa hakusikia kitu. Diski ikashuka, ikashuka, ikabaki kiganja kimoja kufika kwenye pipa. Munezero akaukimbilia waya uliotoka dirishani, akauvuta kwa nguvu zake zote mpaka plagi ikachomoka, naye akaanguka chali.

Papa akainua mashine, akageuka. "Una wazimu wewe?"

"Sikulijaza!" Munezero alilia. "Nilileta bidoni mbili tu! Nimekudanganya, Papa!"

Papa aliweka mashine mbali, akafungua kizibo, akanusa mara moja tu. Akarudi nyuma, akakaa chini, akalikodolea pipa macho. Munezero hakuwahi kumwona baba yake akiogopa, na jambo hilo lilimuumiza kuliko fimbo yoyote.

"Nisamehe, Papa."

"Chukua bidoni," Papa alisema. Naye akachukua ya kwake. "Na mimi nimekosa. Ilinipasa kunusa mwenyewe."

Walikwenda ziwani na kurudi mpaka pipa likafurika. Lililala limejaa siku mbili. Jumatatu Papa alimwaga maji, akanusa, akamnusisha na Muzee, ndipo akakata. Munezero alishikilia chuma kila jioni wakati nyundo ikiufua ule mstari.

Jumamosi ya harusi, gari liling'aa hadi watoto wa mtaa wakajitazama mlangoni. Shangazi Tuyisenge alipokwisha kuketi ndani, Papa alimvuta Munezero pembeni.

"Mwanangu, ungeniambia, 'Papa, nimeleta mbili, nimechoka,' ningegomba kidogo, kisha tungeenda ziwani wote. Kazi iliyobaki nusu haina aibu, tunaimalizia. Lakini ukisema imekwisha, mwenzako anakuamini, anaweka mkono wake pale. Siku ile ulichelewa kusema, lakini ulisema. Ndiyo maana leo ni mimi ninayempeleka shangazi yako kanisani. Haya, panda twende."