Kisiwa cha Mama Mapazia

"Mama, pangoni unakwenda kufanya nini?"

Mama Mapazia alikuwa amepiga magoti sakafuni, pini mdomoni, anakunja pindo la pazia la mteja. Aligeuza shingo. Binti yake wa mwisho, yule mfamasia, alikuwa amesimama katikati ya chumba cha kushonea, ameishika tableti ya mama yake kama mtu aliyeshika panya kwa mkia.

"Pango gani?"

"Usiniulize mimi pango gani! Nimechukua tableti nitazame vitanda vya watoto, ujumbe ukaingia wenyewe. Sikiliza." Akasoma, kila neno akilibana kwa meno. "'Mwenzangu, saa kumi na moja nakungoja pangoni. Usichelewe kama jana. Ule mlango peke yangu siuwezi.' Mama! Mwenzangu ni nani? Na jana ulichelewa wapi?"

Mama Mapazia alitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa. Angeweza kucheka. Angeweza kueleza kwa maneno mawili yakaisha. Lakini sauti ile ya bintiye ilikuwa sauti ya mzazi aliyemfuma mtoto na sigara, na ilimpanda kichwani.

"Nilichelewa kwa sababu reli ya mteja ilikuwa imepinda. Na mwenzangu ni mwenzangu."

"Ni mwanamume?"

"Ana ndevu, ndiyo."

"Mungu wangu!"

"Na pango lenyewe liko kwenye gemu. Kaa nikuonyeshe."

Binti hakukaa. Alikwishatoka kwenda ukumbini, simu sikioni.

"Kaka, uko wapi? Fanya hima. Mama kapata mwanamume. Wanakutana mapangoni."

Tuseme ukweli, Mama Mapazia hakuwa mtu wa mapango. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mshonaji wa mapazia ya maofisi na majumba, na jina lake la kuzaliwa wateja walikwishalisahau. Marehemu mumewe hakuwa mtu mbaya. Hakumpiga, hakumlaza njaa. Ila ndani ya nyumba ile yeye ndiye aliyejua kila kitu, na mke akianza kufikiri, jibu lilikuwa tayari limeshatolewa. Alipofariki, watoto wakashika zamu. Mtoto wa kwanza, meneja wa bima, alimchagulia daktari. Binti alimchagulia viatu. Wote walimpenda sana, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Tableti aliletewa na mwanawe ili awaone wajukuu kwa video. Gemu aliikuta humo humo, akaifungua kwa bahati mbaya. Mtu mdogo mwenye kofia pana anashuka ufukweni kwenye kisiwa kisicho na watu. Hakuna adui, hakuna saa inayokukimbiza. Unatembea. Unakuta mawe yaliyochorwa, mifereji iliyoziba, kengele zinazotaka kupigwa kwa mpangilio fulani. Unafikiri. Ukipatia, lango linafunguka, nyuma yake kuna bonde ambalo hujapata kuliona. Siku lango la kwanza lilipofunguka, Mama Mapazia alipiga ukelele peke yake nyumbani, jirani akaja kuuliza kama kuna nyoka.

Na yule mwenye ndevu? Huyo alimpata ndani ya lifti.

Alikuwa amekwenda kutundika mapazia kwenye jengo moja la maofisi. Lifti ikakwama kati ya ghorofa mbili, yeye na robota lake la kitambaa. Akabonyeza kengele, na baada ya muda sauti ya mwanamume ikashuka kutoka juu.

"Uliye ndani, upo salama?"

"Nipo. Nitatoka lini?"

"Nusu saa hivi. Usiguse mlango."

Akafungua gemu yake atulie. Filimbi ikaanza, mawimbi yakaanza. Juu kule nyundo ikanyamaza.

"Samahani, mama. Hiyo si gemu ya kisiwa?"

"Wewe tengeneza lifti."

"Natengeneza. Umefika wapi?"

"Kwenye kinu cha upepo. Kimenikatalia wiki nzima."

"Usizungushe mapanga. Zungusha kinu chenyewe."

Mama Mapazia akafoka mpaka kuta za lifti zikaitikia.

"Nani amekuuliza? Nilitaka kukipata mwenyewe! Mwenyewe!"

Fundi Lifti akaweka nyundo chini.

"Nimekosa," alisema. "Kuanzia leo sikwambii neno mpaka uniulize."

Na kweli hakumwambia. Walianza kwa kusalimiana, wakaja kwenye chai, wakaja kwenye sehemu ya pili ya gemu, ile ya wachezaji wawili, ambamo mmoja anashika komeo na mwenziwe anapita. Kila mtu kwake, tableti mkononi, jioni baada ya kazi. Fundi alikwishaimaliza sehemu ile na shemeji yake zamani. Majibu yote alikuwa nayo. Lakini Mama Mapazia akikwama, yeye alikaa juu ya jiwe lake akingoja, anaimba vibaya kwenye simu. Alingoja hata siku tatu. Mwanamke yule alikuwa hajapata kukutana na mwanamume anayejua jibu akalimeza. Hapo ndipo alipompendea.

Jumatano kabla ya mkasa huu, Fundi aliuliza swali moja ambalo halikuwa la gemu. Mama Mapazia akasema atajibu.

Basi, Jumapili alasiri, binti alipokwisha kupeleleza mwenye ndevu ni nani, kikao kikakaa. Meneja wa bima na mkewe, mfamasia, na Baba Mdogo, mdogo wa marehemu, ambaye hupatikana kwenye vikao tu. Mama Mapazia aliwaandalia chai kama wageni wengine wowote.

"Mama," meneja alianza, "hatujaja kukugombeza."

"Vizuri. Maana sijagombezeka."

"Tunataka tujue. Mtu mzima, mwenye wajukuu, anashinda kwenye gemu na fundi wa lifti. Watu watasema nini?"

"Watu gani? Nitajie mmoja nimpelekee chai."

Mke wa meneja aliinamia kikombe kuficha kicheko.

"Shemeji, usifanye mzaha," Baba Mdogo alikohoa. "Hii ni nyumba ya kaka yangu. Heshima yake bado imo humu."

"Kaka yako nilimheshimu akiwa hai, nikamlilia alipokufa. Niambie siku moja niliyomvunjia heshima."

Baba Mdogo akatafuta siku hiyo darini, hakuiona.

"Huyo mtu anataka nini kwako?" binti aliuliza.

"Anataka tufike upande wa pili wa kisiwa."

"Mama, sema kweli!"

"Hiyo ndiyo kweli. Ninyi mkija hapa, mnataka nipime sukari, nivae viatu hivi, nihamie kwenu nilee watoto. Yeye ananiuliza, 'Mwenzangu, unaonaje, tupite kushoto au kulia?' Unajua tangu nizaliwe ni nani mwingine aliyeniuliza hivyo?"

Akainuka kwenda kuongeza maji ya moto. Aliporudi, meneja alikuwa anaiweka tableti mezani, polepole, kama mtu aliyemaliza kazi.

"Umefanya nini?"

"Nimeifuta, mama. Gemu pamoja na akaunti yake. Ni kwa faida yako."

Mama Mapazia aliiwasha. Pale ilipokuwa picha ya kofia pana palikuwa na nafasi tupu. Miaka miwili ya jioni zake. Bustani aliyoipanda kando ya kinu. Kibanda alichokijenga kikielekea machweo. Akalitua birika mezani.

"Ulipokuwa mdogo," alimwambia mwanawe, "ulijenga magari kwa vibati vya soda. Baba yako alitaka kuyatupa, anasema uchafu. Nani alisimama mlangoni?"

Meneja alitazama zulia.

"Nakuuliza. Nani alisimama mlangoni?"

"Wewe, mama."

"Haya."

Akachukua simu, akapiga, akaweka spika.

"Mwenzangu!" Sauti ya Fundi ilijaa sebuleni, na nyuma yake vyuma vikigongana. "Niko zamu, juu ya lifti ya hospitali. Kuna nini?"

"Lile swali la Jumatano."

Vyuma vikanyamaza.

"Sauti yako ina moto," Fundi alisema. "Usinijibu kwa hasira. Mimi nitangoja."

"Hasira ninayo, sikufichi. Na jibu ni lile lile ningekupa nikiwa sina. Ndiyo. Nitaolewa na wewe."

Kitu kikaanguka huko, kikagonga chuma, kikagonga tena, kikaendelea kushuka kwa muda mrefu.

"Umeangusha nini?"

"Spana. Achana nayo. Rudia tena ulichosema."

"Ndiyo, ndiyo na ndiyo. Umesikia?"

"Nimesikia. Na mgonjwa mmoja aliyekuwa anangoja lifti amesikia, anapiga makofi."

Mama Mapazia akacheka, mbele ya kikao kizima, kicheko cha msichana. Kisha akakata simu, akamgeukia Baba Mdogo.

"Shemeji, chai yako inapoa."

Siku mbili baadaye Fundi alikuja kwenye chumba cha kushonea na ovaroli lake la kazi, akakaa juu ya marobota ya vitambaa.

"Kisiwa changu kipo," alisema. "Kila kitu kimo. Njoo uingie kwangu, tuendelee tulipoishia."

"Hapana."

"Mbona?"

"Nimeishi kwa mtu miaka yote, Fundi. Kila kiti nimekikuta kimeshawekwa. Siingii tena kwenye kisiwa cha mtu, hata kama mtu mwenyewe nampenda. Tunaanza upya, ufukweni, wote wawili na kofia zetu."

Fundi alijikuna ndevu.

"Na nyumba ya kuishi?"

"Vilevile. Si kwako, si hapa. Tunatafuta pengine, na mapazia tunachagua pamoja. Hapa patabaki pa kazi, na cherehani zangu."

"Mimi mapazia siyajui."

"Utafundishwa. Ukiuliza."

Wakaanza upya jioni ile ile, bega kwa bega, kwenye benchi la kukatia.

Binti alirudi Alhamisi, peke yake, bila kupiga simu kwanza. Alikaa muda mrefu akikunja na kukunjua futi ya kupimia.

"Mama, hebu nionyeshe."

Akaipakua gemu kwenye simu yake. Mama yake akamwambia ashike komeo la daraja, asiliachie. Mtu mdogo mwenye kofia akaanza kuvuka, mbao zikiyumba.

"Nikiachia inakuwaje?"

"Natumbukia majini."

"Unakufa?"

"Huku hafi mtu. Nalowa tu, narudi tena mwanzo."

Binti alikaza kidole mpaka ukucha ukawa mweupe. Mama akavuka. Ng'ambo ya pili taa zikawaka zenyewe njia nzima, filimbi ikapanda juu, na binti akajikuta amepiga kofi la furaha. Kisha machozi yakamjaa machoni.

"Baba alipofariki tulikaa na wewe wiki moja, tukatawanyika. Jioni ulikuwa unafanya nini, mama?"

"Nilikuwa nakaa."

"Unakaa tu?"

"Nakaa tu."

Binti alimshika mama yake mkono, pini na vyote.

"Nitakusindikiza kwa msajili. Kaka atanuna, na anune."

Kaka hakununa tu. Jioni ile aliandika: *Mama, ukiolewa na huyo mtu, mimi usinihesabu.*

Mama Mapazia aliusoma ujumbe mara nyingi. Ulimchoma, asikwambie mtu. Fundi, aliyekuwa karibu, alisema, "Ukitaka tungoje, tutangoja. Mwana ni mwana." Yeye akatikisa kichwa. Akaandika herufi moja moja, kwa kidole kilichozoea sindano:

*Wewe nimekuzaa mimi, siwezi kuacha kukuhesabu hata ukiniomba. Nakupenda, na ruhusa sikuombi. Tangazo la siku ishirini na moja likiisha, Ijumaa saa nne asubuhi, ofisi ya msajili wa ndoa. Vaa shati la bluu, linakupendeza.*

Jibu halikuja.

Ijumaa hiyo ilipofika, ofisi ya msajili ilikuwa chumba chenye feni moja na viti vya plastiki. Mama Mapazia alivaa gauni alilolishona mwenyewe, la rangi ya machungwa, rangi ambayo katika ndoa yake ya kwanza aliambiwa haimfai. Fundi alikuwa amechana ndevu na kufunga tai kwa fundo lililotaka kumnyonga. Binti alikuwepo. Mke wa meneja naye aliingia, peke yake, na maua.

"Yuko wapi?" binti alimnong'oneza.

"Nimemwacha kwenye gari. Amekaa na usukani wake."

Msajili, mwanamke mwenye miwani mnyororoni, alisoma maneno yake. Akauliza kama yupo mwenye pingamizi. Mlango ukafunguka.

Meneja wa bima alisimama kizingitini. Shati lilikuwa jeupe. Chumba kizima kilimgeukia. Fundi alitaka kuinuka. Mama Mapazia akamkalisha kwa mkono mmoja juu ya goti, bila yeye mwenyewe kugeuka.

"Kijana, una pingamizi?" msajili aliuliza.

Meneja alitazama kisogo cha mama yake.

"Mama. Mimi bado sijakubali."

Mama Mapazia aligeuza uso taratibu. Macho yake yalikuwa na maji, lakini kidevu kilikuwa juu.

"Sikukuita ukubali, mwanangu. Nilikuita uje. Umekuja?"

"Nimekuja."

"Basi kaa. Unatuchelewesha."

Akatazama huku na huku kama mtoto aliyeingia darasa lisilo lake. Viti vilikuwa vimejaa isipokuwa kimoja, upande wa bwana harusi. Fundi akakifuta vumbi kwa kitambaa chake cha mfukoni. Meneja wa bima akakaa.

"Endelea, dada," Mama Mapazia akamwambia msajili, na akaichukua kalamu kabla hajapewa.