Chiriku Ajifunza Kupenga Kamasi

Mama Chiriku alikuwa fundi cherehani. Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka lake, alimpeleka bintiye kwenye kituo cha kulelea watoto. Mtoto huyo aliitwa Chiriku kwa sababu aliongea tangu anaamka mpaka usingizi umnyamazishe.

Kituo kilikuwa chumba kimoja chenye mikeka na madirisha mapana. Mlezi alikuwa mwanamke wa makamo ambaye watoto walimwita Bibi. Aliwapenda kama wajukuu wake wa damu. Pua ya mtoto ikivuja, Bibi alichukua kitambaa kilichotundikwa ukutani, akaifuta, akakirudisha. Kikitoka kwa huyu, kinakwenda kwa yule.

Baridi ilipoanza, mafua yaliingia kituoni yakakaa kama mgeni asiyeaga. Chiriku naye akayapata. Nyumbani mama yake alimbana pua na kumwambia, "Penga kwa nguvu." Chiriku alipenga mpaka machozi yakamtoka.

Asubuhi moja Chiriku aliamka kimya. Aliitwa, hakugeuka. Alishika sikio, akalia. Siku hiyo mama hakufungua duka. Alimbeba mwanawe hadi zahanati.

Muuguzi alichungulia sikio kwa kurunzi ndogo.

"Limevimba ndani," alisema. "Tumewahi, dawa itamsaidia. Lakini niambie, mama, anapengaje kamasi?"

Mama Chiriku akaonyesha. Muuguzi hakumcheka.

"Wengi wetu tulilelewa hivyo," alisema. "Lakini pua na sikio ni majirani. Kuna njia ndogo kati yao. Ukibana pua yote, naye akapenga kwa nguvu, kamasi linaweza kusukumwa hadi sikioni. Ziba tundu moja tu. Afunge mdomo, apenge polepole. Kisha tundu la pili."

"Nimekuelewa."

"Na kituoni wanafutwa kwa kitu gani?"

"Kwa kitambaa."

"Cha nani?"

"Cha wote."

"Basi na mafua ni ya wote," alisema muuguzi.

Njiani Mama Chiriku aliwaza. Angemwambiaje Bibi? Bibi alikuwa akilea watoto tangu yeye hajui hata kushika sindano. Hata hivyo, kesho yake alimvuta pembeni, akamweleza yote kwa sauti ya chini.

Bibi alikitazama kile kitambaa. Kisha akakitungua.

"Ahsante, mwanangu, kwa kuja kwangu kabla ya kwenda kwa majirani," alisema. "Kufanya kosa si kosa. Kosa ni kurudia kosa."

Alilofanya Bibi baada ya hapo, Mama Chiriku huwasimulia wateja wake hadi leo. Alikata vipande vya karatasi nyepesi, akavipanga mezani. Akawaambia watoto wafunge midomo na kuvisukuma kwa pumzi ya pua. Watoto walicheka sana hata karatasi hazikwenda popote. Mmoja akapuliza kwa mdomo.

"Huo ni mdomo, bwana mdogo," Bibi alimwambia. "Pua bado inangoja zamu yake."

Walipoweza, akawafundisha kuziba tundu moja kwa kidole. Kisha akawapa karatasi laini za kupengea. Karatasi ikitumika, inatupwa kwenye ndoo yenye mfuniko. Kisha mikono inaoshwa kwa maji na sabuni. Chafya ikija ghafla, waipigie kwenye kiwiko. Wachanga wasiojua kupenga, Bibi aliwafuta mwenyewe taratibu, kila mmoja kwa karatasi yake, naye akanawa. Wazazi walipoona juhudi zake, wakaanza kuleta sabuni na karatasi kwa zamu.

Mafua hayakwisha kabisa, lakini hayakuvamia tena chumba kizima. Sikio la Chiriku likapona.

Jioni moja baba yake alikuja kumchukua. Alikuwa na mafua. Alifuta pua kwa kiganja, kisha akamnyooshea Chiriku mkono huohuo. Chiriku akaficha mikono yake mgongoni.

"Hapana, baba. Karatasi zile pale. Ndoo ile pale. Halafu sabuni."

Baba akamtazama Bibi, akitaraji msaada.

"Usinitazame mimi, baba," alisema Bibi. "Hapa kila mtu ananawa."

Baba akapenga, tundu moja kisha la pili. Akainama kwenye beseni fupi la watoto, akanawa. Wadogo walimzunguka, wakimkagua.

"Na katikati ya vidole," mmoja akamkumbusha.

Baba akarudia kunawa.