Kikwembe cha Moziki

Wanaosema mashetani hungoja giza na wanyamaze. Angélique, mshonaji jirani yetu hapa Kisangani, yalimkuta mchana kweupe, jua likichoma mabati.

Aliitwa kupima madirisha ya ukumbi wa zamani wa moziki, chama cha wanawake waliovaa vikwembe, yaani vitenge, vya sare moja na kusherehekea pamoja. Humo ndimo mshairi mmoja wa mji, angali kijana asiye na jina, alimokuwa akiwasomea akina mama beti zake na kula samaki wao. Sasa ukumbi ulihitaji mapazia, ufunguliwe kwa heshima ya mshairi huyo. Mdogo wake Angélique, Aimée, alibaki barazani na kichanga cha dada yake.

Vumbi lilimchafua nguo. Kabatini akakuta kikwembe cha kijani, kizima kabisa, akajifunga juu ya nguo yake. Alijua, kama walivyosema bibi zake, kwamba anayevaa sare ya moziki amekwisha kujiunga. Ila wenyewe si walikufa wote?

Alipogeuka, viti vilikuwa vimejaa, kasoro kimoja. Wanawake wenye vikwembe vya kijani, wamempa visogo. Mbele yao kijana alikuwa akisoma bila kuvuta pumzi.

Angélique akakimbilia mlango. Ukuta. Dirisha alilolipima sasa hivi. Ukuta.

"Ikala, mama," mmoja akanong'ona bila kugeuka, akigonga kile kiti kitupu kando yake. "Shairi haiyaisha."

Nje mtoto akaanza kulia. Maziwa yakamchuruzika Angélique kifuani. Alivuta kikwembe akivue, kikambana mbavu.

"Pardon, mama. Mutoto wangu iko analia."

"Mwenye kutoka anaachaka mutu pa kiti yake. Utaacha nani?"

Mtoto akalia tena. Ubeti mwingine ukaanza. Ulimi hauna mfupa, jina likamponyoka.

"Aimée."

Mlango ukawa mlango. Alitoka mbio, kikwembe hakipo mwilini. Mtoto alikuwa sakafuni barazani, peke yake.

Watu walimtafuta Aimée hadi mtoni, hawakupata kitu. Angélique aliwaambia wote ukweli, na mama yake hajamsemesha tangu siku hiyo.

Wewe pita pale mchana, usimame kidogo. Utamsikia kijana akimaliza ubeti, kisha makofi ya akina mama, yote kwa mpigo mmoja. Isipokuwa ya mmoja. Ya huyo huchelewa kidogo, kama ya mtu ambaye bado anajifunza.