Nyumba ni Yako Mpaka Nitoe Hukumu

Spika zilikohoa kabla hazijachomekwa kwenye umeme.

Kikohozi kidogo tu, kikavu, cha mtu aliyekaa muda mrefu kwenye chumba kisicho na dirisha. Sikio alikuwa amepiga magoti sebuleni, kisu cha kukatia maboksi mkononi, nyaya bado zimefungwa kwenye vifuko vyake. Akatulia. Akaitazama spika ya kulia, akaitazama ya kushoto. Kisha akacheka peke yake, akasema ni mbao tu, mbao zikitoka kwenye baridi zikaingia kwenye joto hulia.

Mbao! Mtu mzima na akili zake, tena mtu ambaye kazi yake ni kusikiliza.

Sikio ndilo jina walilompa watu, na yeye akalivaa. Alikuwa na kipindi ambacho watu walikifuata kwenye simu zao. Akiletewa redio, spika au televisheni, anakaa nayo nyumbani, anaichokonoa, kisha anatoa hukumu kwa neno moja: Nunua, au Acha. Akisema Acha, wenye maduka wanashika vichwa. Rushwa hakuwahi kula, tusimsingizie. Lakini maringo, jamani! Alilisifia sikio lake utadhani alilichonga mwenyewe.

Safari hii aliletewa spika za chapa ile kubwa, ile ambayo wenye nazo wakiitaja hushusha sauti kama wako msibani. Siitaji, sina mpango wa kuwafanyia matangazo. Zilikuwa ndefu za kufika kifuani, nyeusi, zinang'aa mpaka mtu anajiona ndani yake. Watu walikuwa wamemsumbua kwa ujumbe usiokwisha: je, hizi spika zina uzuri huo, au tunauziwa jina?

Sasa, Sikio alikuwa na mchezo wake. Kila kifaa kipya alikipokea kama mgeni. Aliwasha kamera, akaweka mkono juu ya spika, akasema yale maneno ambayo watazamaji wake walikuwa wameshayajua kwa moyo: "Karibu mgeni. Nyumba ni yako mpaka nitoe hukumu."

Utani, basi. Redio ngapi zimekaribishwa hivyo na hakuna hata moja iliyoitikia. Siku hiyo, pumzi ya joto ilitoka kwenye tundu la nyuma ya spika ikampiga miguuni, na sebule ikanuka udongo uliochimbuliwa sasa hivi. Akadhani ni gundi.

Kipimo chake kilikuwa mwanawe. Binti huyo walimwita Kasuku, kwa sababu tangu afungue macho asubuhi mpaka ayafumbe, mdomo ulikuwa kazini. Alikuwa ameng'oka meno ya mbele, kwa hiyo ana kithembe, na kithembe chenyewe kilimfanya baba yake acheke hata akiwa na hasira. Kila akipima spika, Sikio alimrekodi Kasuku akisimulia hadithi, kisha anaicheza. "Muziki unaweza kunidanganya," alikuwa akiwaambia watu, "lakini sauti ya mwanangu hainidanganyi."

"Baba, leo nitheme ya thimba au ya thungura?"

"Ya simba, mama."

Akasimulia. Baba akarekodi, akaunganisha nyaya, akabonyeza.

Ile sauti haikutoka kwenye spika. Ilitoka katikati ya chumba, kwenye usawa wa kichwa cha mtoto, ikiwa hai kiasi kwamba mate yalisikika yakipita kwenye pengo la meno. Machozi yakamlengalenga Sikio. Kwenye kona, mkewe, aliyekuwa akishona sare za shule, aliondoa mguu kwenye cherehani.

"Baba Kasuku, zima."

"Unasikia lakini? Unasikia uzuri huo?"

"Nasikia. Ndiyo maana nasema zima. Mtoto yuko pale anaongea, na huku mimi nimemshika mkono."

Hadithi ikafika mwisho. Chumba kikanyamaza. Kasuku akajificha kwenye sketi ya mama yake, akanong'ona, "Baba, mbona nimemaliza kuthema, lakini huyo bado anapumua?"

Asubuhi yake Kasuku aliamka, akafungua mdomo, na hapakutoka kitu.

Hakuna neno, hakuna kilio, hata kikohozi hakuna. Machozi yalimtiririka, kifua kikapanda na kushuka kwa kwikwi, na usingejua kama hukumtazama. Daktari alimmulika kooni, akambonyezabonyeza shingo, akasema koo ni zima kabisa, labda mtoto amepata mshtuko, mrudisheni nyumbani akapumzike. Nyumbani wapi? Kule kule!

Waliporudi, mama alikalia cherehani ili angalau mikono yake ipate kazi. Alikanyaga. Gurudumu likazunguka, sindano ikapanda na kushuka, uzi ukapita kwenye kitambaa, na cherehani lisilie kabisa. Lilikuwa linalia kule sebuleni, ndani ya spika zilizochomolewa umeme, taratibu, likifuata mguu wake; akiharakisha, nalo linaharakisha; akisimama, linasimama, lakini limechelewa kidogo, kama mtu anayekuiga na hataki ujue.

"Toa hivyo vitu nyumbani kwangu," alisema kwa sauti ya chini. "Leo. Sasa hivi."

Sikio alijaribu. Spika alizoziingiza peke yake, mkono mmoja huku na mmoja kule, zilikuwa zimeota mizizi. Akamwita jirani wa ng'ambo ya barabara, dereva wa malori mwenye kifua kama mlango. Wakasukuma wote wawili mpaka jasho likawatoka, hazikusogea hata unywele.

"Ndizo hizi?" dereva alihema, akizipapasa. Macho yalikuwa yanamng'aa. "Aisee, zina uzito wa maana. Mimi nangoja neno lako tu, Sikio. Mtaa mzima tunangoja. Ukisema Nunua, kesho ninazo."

Mama Kasuku hakungoja mumewe aamue. Alikwenda kumwita mwanamke mmoja mfupi, mwenye ulimi wa wembe, aliyejulikana kwa kutoa majini. Huyo mganga alifika mlangoni, akanusa, akagoma kuvuka kizingiti.

"Nani kamkaribisha?"

Mganga akanusa tena.

"Nauliza, nani kamkaribisha? Jini haingii tu akakaa sebuleni kama shemeji. Ameambiwa karibu. Na nani?"

Mama Kasuku alimgeukia mumewe. Naye Sikio, simba wa kipindi, akatazama vidole vya miguu yake. "Ilikuwa utani."

"Utani na nani? Ulikuwa unamwona?" Mganga alisonya. "Haya, rudia maneno yako."

Akayarudia, neno kwa neno. Mganga akafumba macho kidogo, akasema, safari hii kwa kunong'ona, "Basi hana haja ya ubani huyo. Umempa nyumba mpaka utoe hukumu. Toa hukumu. Mkatae, mbele ya hao hao waliokusikia ukimkaribisha. Neno moja tu, Acha, na atatapika kila alichomeza. Lakini nisikilize, wewe mwenye masikio. Atakubembeleza. Atakuja na sauti ile ile unayoililia. Ukimsifu, umemfungulia kila nyumba inayokuamini. Usije kuniita tena."

Akageuka akaenda zake, wala hakuaga.

Walirusha kipindi moja kwa moja, mchana kweupe, jua limejaa dirishani. Kasuku aliketi kwenye mkeka, amekumbatia mto, anamtazama baba yake bila kupepesa. Mama alisimama mlangoni. Sikio alivaa visikilizio vyake, akawasha kamera, akawasalimu watu wake. Neno moja, basi. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Baba," kikasema kithembe masikioni mwake.

Akaganda.

"Baba, uthitheme Acha. Ukithema Acha nitabaki huku."

"Huku wapi, mama?" Sikio akauliza.

"Thijui. Thioni kitu. Kuna joto, na kuna watu wengi wanapumua."

"Unaongea na nani?" mkewe alinong'ona kutoka mlangoni. "Baba Kasuku, siyo yeye. Kasuku huyu hapa, mtazame, huyu hapa mkekani. Sema neno uliloambiwa."

Angemsikiliza mkewe! Lakini Sikio alisikiliza sikio lake, lile sikio alilolisifia miaka yote, na sikio likamwambia kwamba hiyo haikuwa sauti ya kuigiza, ilikuwa ya mwanawe hasa, na mate yake na pengo lake na ule mvuto mdogo wa pumzi anaovuta akitaka kulia, na kadiri alivyozidi kusikiliza ndivyo harufu ya udongo ilivyozidi kupanda, ikamjaa puani, ikamjaa kooni, mpaka akahisi amelala chali mahali pembamba na mtu anamfukia polepole, na katikati ya hilo giza lililoingia mchana kweupe kile kithembe kikaendelea kumbembeleza, thema ukweli tu Baba, wewe huwa huthemi uongo, mimi thi nathikika vizuri, thi nathikika vizuri kuliko thiku zote?

"Unasikika vizuri," alisema Sikio, huku akilia.

"Baba Kasuku!" mkewe akapiga kelele.

"Nunua," Sikio aliiambia kamera. "Watu wangu, nunueni."

Na uongo hakusema. Hilo ndilo linalonichoma kila nikiisimulia. Hakuna spika iliyowahi kutoa sauti vile.

Mkekani, Kasuku alishusha mto. "Mama," alisema, "nina njaa."

Usiniulize furaha yao. Mama alimbeba akazunguka naye nyumba nzima, anacheka na kulia pamoja. Cherehani likarudi kupiga kelele zake za zamani. Harufu ikakatika. Wenye kampuni walipokuja kuchukua spika zao, zikanyanyuka kama maboksi matupu, wakampa Sikio mkono, wakamwambia tangu aseme lile neno maghala yao yanafagiliwa. Sikio akatabasamu. Mganga huyo, alijisemea, naye mtishaji tu.

Kasuku aliongea asubuhi, akaongea mchana. Aliomba sukari, akaomba sahani, akasimulia ya simba na ya sungura. Mama yake alikuwa anamchana nywele kibarazani aliposema kwa furaha, "Umemsikia lakini, Baba Kasuku? Hata kithembe kimemwisha."

Sikio aliinua kichwa.

"Njoo hapa, mama," alimwambia mtoto. "Fungua mdomo."

Kasuku akafungua. Pengo lilikuwepo, lile lile, jino halijaanza hata kuchungulia.

"Sema simba."

"Simba," alisema Kasuku. Neno safi, limenyooka, halina hata chembe ya mate. Na midomo ilimaliza kidogo baada ya neno.

Sikio aliweka kiganja kooni mwake taratibu, kama anayempima homa. "Sema tena. Sema sungura na simba walikwenda safari."

Akasema yote. Chini ya kiganja chake koo halikutikisika. Lilikuwa limetulia kama shingo ya chupa, wakati sauti nzuri, sauti isiyo na kasoro, inajaza kibaraza. Kasuku alikuwa anamtazama bila kupepesa. Ndani ya yale macho kulikuwa na mtu mzima anayengoja kuona kama ameshtukiwa.

"Nimesema vizuri, Baba?"

Mkono wa Sikio ukaanguka.

Wakati huo huo lori lilisimama ng'ambo ya barabara. Maboksi meusi marefu yakashushwa, mawili kwa dereva, mawili kwa jirani wa kushoto, mawili kwa wale wa nyumba ya kona. Mtaa ulikuwa na shangwe, watu wanasaidiana kubeba, wanataniana nani atakuwa wa kwanza kuwasha. Sikio alitaka kupiga kelele. Angewaambia nini? Neno wameshalichukua kwake.

Dereva ndiye aliyewahi. Alifungua madirisha yote ili wenzake wafaidi, akachomeka, akabonyeza. Muziki ukapiga kidogo tu, ukakatika.

"Baba?"

Kithembe kikavuka barabara.

"Baba, nithikie. Umethema Nunua, na mimi bado niko huku. Thitaki kukaa huku, Baba, njoo unitoe."

Sikio alitoka mbio hata viatu hakuvaa. Alipofika katikati ya barabara, sauti ile ile ikaanza nyumba ya kushoto, kisha nyumba ya kona, kisha nyuma ya nyumba ya kona, kila mahali palipokuwa na boksi lililofunguliwa, mtoto mmoja analia kwa kithembe madirishani mwa mtaa mzima, na yeye amesimama hapo anageuka huku, anageuka kule, hajui aanze kubomoa mlango upi. Nyuma yake, kibarazani, mtoto asiye na kithembe alikuwa amerudi magotini mwa mama, anangoja kuchanwa nywele.

Dereva akachungulia dirishani, uso umejaa raha.

"Sikio, ndugu yangu, Mungu akubariki!" alipaza sauti. "Sikia hiyo! Utadhani mtoto mwenyewe yumo humu ndani!"

Akaongeza sauti.